Picha ya Anyango

Mzee Orwa alifika hospitali mapema akiwa na picha ndani ya mfuko wa rambo, na mfuko wa rambo ndani ya koti zito alilobaki nalo tangu enzi zake za kazi ya melini. Binti yake Anyango aliketi pembeni yake kwenye benchi, kanga ameivuta kichwani mpaka ikafunika upande wa kushoto wa uso. Mbele yao kulikuwa na mama mwenye mtoto aliyeungua na uji, nyuma yao kijana aliyeanguka na baiskeli. Kila mgonjwa akiitwa ndani, waliobaki walijisogeza kwa makalio kuelekea mlangoni. Orwa alijisogeza nao huku ameshika kifua, hata mama mwenye mtoto akamwuliza kama moyo unamsumbua. Akasema moyo uko salama, analinda picha tu.

Ilikuwa enzi za ruksa. Mwanza ilikuwa imejaa mitumba na redio za kaseti, na ndege kubwa za mizigo zilitua kila mara kuchukua minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya. Wenyeji walibakiziwa vichwa na migongo, wakaviita mapanki, wakajifunza kuvikaanga. Watu walisema nchi imefunguka, na kweli ilikuwa imefunguka, ila kilichotoka kilikuwa kingi kuliko kilichoingia.

Anyango alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha minofu kilichojengwa ufukweni, mwisho wa Igogo, mtaa wao. Kazi yake ilikuwa kuzungusha winchi iliyovuta makreti ya samaki kutoka kwenye boti. Kizuizi cha winchi hiyo kilikuwa kimevunjika, kikafungwa kwa mpira wa tairi. Asubuhi moja mpira ulikatika, mkono wa winchi ukarudi kwa kasi na kumpiga usoni. Kiwanda kilimrudisha nyumbani kwa gari la barafu, na kesho yake kizuizi kikafungwa mpira mpya.

Mifupa ya uso wake ikajiunga yenyewe inavyojua. Shavu la kushoto lilididimia, jicho likashuka chini ya mwenzake, pua ikalala upande, na taya la juu likakataa kukutana na la chini. Igogo hakuna aliyemkimbia, kwa sababu Igogo watu wameona mengi. Aliyeondoka ni mmoja tu, naye alikuwa mtoto wake Princess, mwenye miaka mitano. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda kwenye dhahabu huko Geita na dhahabu ikamkalisha huko huko.

Kabla ya ajali, kila jioni jirani yao Tereza alimshika Princess mkono wakaenda getini mwa kiwanda kumsubiri mama yake atoke kazini. Siku Anyango aliporudishwa kwa gari la barafu na kufunguliwa vitambaa, Princess alimtazama mara moja, akachukua kijigodoro chake na kuhamia kwa Tereza. Hakulia wala hakusema neno baya. Akaendelea kumwomba Tereza ampeleke getini kila jioni, na Tereza, aliyekuwa na roho nyepesi, akawa anampeleka. Anyango aliketi mlangoni kwake akiwatazama wanapita kwenda kumsubiri.

Kwa hiyo hakuja hospitali kutafuta uzuri. Alitaka mtoto wake arudi nyumbani, na hilo alilieleza wazi kwa daktari tangu siku ya kwanza.

Daktari mwenyewe aliitwa Venant, Mhaya mrefu mwenye vidole vyembamba, aliyesomea upasuaji wa mifupa ya uso Ujerumani Mashariki. Cheti chake kilikuwa na muhuri wa nchi ambayo wakati huo haikuwepo tena duniani, lakini mikono yake ilikuwepo, na watu walisema hakuna mikono mingine kama ile kandokando ya ziwa. Alikuwa amemweleza Anyango kwamba ataivunja upya mifupa iliyojiunga vibaya, airudishe mahali pake, ajazie palipopungua kwa kipande cha mfupa wa nyonga, kisha aifunge kwa waya mwembamba. Tatizo lilikuwa moja. Mifupa ikishavunjika namna ile haisemi ilikuwa imekaaje. Daktari alihitaji picha ya mgonjwa ya kabla ya ajali.

Anyango alikuwa hajapigwa picha hata moja maishani mwake. Hilo halikumsumbua Orwa, kwa sababu picha ya Anyango ilikuwepo nyumbani.

Hapa inafaa kueleza. Anyango alipozaliwa alilia mchana na jioni, akakataa titi. Wakamtajia majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, naye akazidi kulia. Walipotaja jina la Anyango, mama mzazi wa Orwa, aliyekuwa ametangulia mwaka uliopita, mtoto akanyamaza, akanyonya. Katika familia ile ya Wajaluo hilo halikuwa na maana kwamba mtoto amepewa jina la bibi yake. Maana yake ni kwamba bibi amerudi. Tangu siku hiyo Orwa alimwita binti yake Mama, hakumchapa hata siku moja, na akinunua kitu cha nyumbani alimwonyesha kwanza yeye kabla ya mkewe. Kwa hiyo daktari alipoomba picha ya Anyango, Orwa alifungua sanduku la bati akatoa picha ya Anyango. Ilipigwa mwaka hamsini na saba kwenye studio ya Mhindi mjini. Mwanamke amesimama kando ya kiti, gauni lina mikono ya puto, midomo imeachana kidogo.

Walipoitwa ndani, Daktari Venant aliinyanyua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu ndiye Anyango?"

"Ndiye," Orwa alijibu.

"Ilipigwa lini, mzee?"

"Zamani kidogo, daktari. Ajali ilikuwa bado."

Anyango aliiona picha ikipita kutoka mkono hadi mkono. Tangu utotoni alikuwa akionyeshwa na kuambiwa, huyu ni wewe, naye alikuwa amezoea kuitikia. Siku ile pia hakuona sababu ya kubisha.

"Mifupa mizuri," alisema daktari, akaiweka picha kwenye faili.

Upasuaji ulichukua sehemu kubwa ya siku. Picha ilibandikwa kwa plasta kwenye mguu wa taa, na daktari alikuwa akiitazama, anafanya kazi, anaitazama tena, kama fundi cherehani anayefuata gauni la mteja. Alipomaliza aliyafunga mataya yote mawili kwa waya yasifunguke mpaka mifupa ishikane, akasema mgonjwa atakunywa uji na mchuzi kwa mrija, na kuongea asiongee.

Bandeji zilipofunguliwa, sura ilitoka ikiwa nyeusi na nyeupe. Shingo ya Anyango ilikuwa na rangi yake ya kahawia, mikono vilevile, lakini kuanzia kidevuni kwenda juu alikuwa na rangi ya picha, kijivu huku na weupe kule, na kwenye shavu la kulia ulipita mstari mwembamba pale picha ilipokuwa imekunjwa kwa miaka mingi. Muuguzi wa wodi, Sista Odeta, alisema damu haijafika vizuri, akaagiza aongezewe mchuzi wa mchicha. Baada ya siku kadhaa rangi ikaingia, ikianzia masikioni. Ule mstari ulibaki. Asubuhi iliyofuata ikaonekana kwamba meno sita ya mbele ya chini, ambayo ajali haikuyagusa wala daktari hakuyagusa, hayapo, na ufizi umefunga vizuri kama uliopona tangu zamani za mkoloni. Bibi Anyango alikuwa ameng'olewa meno hayo akiwa msichana, kama wenzake wote wa rika lake. Sista Odeta akaandika kwamba mgonjwa hana meno sita ya chini na hana maumivu.

Anyango alipewa kioo. Alijitazama muda mrefu. Jicho lilikuwa mahali pa jicho na pua mahali pa pua, kila kitu kimekaa sawa kabisa, na mwanamke aliyemtazama kutoka kwenye kioo alikuwa mzuri, ana miaka kama thelathini, na alikuwa bibi yake. Anyango alitaka kusema jambo, lakini waya zilikuwa mdomoni, kikatoka kilio kifupi cha puani. Daktari Venant alishika picha pembeni ya uso wake, akalinganisha, akaridhika. Alisema hajawahi kufanya kazi iliyotoka karibu na picha namna ile, na alisema kweli.

Walipofika Igogo wakubwa walikuwa wa kwanza kumtambua. Mama muuza dagaa wa kona, mwanamke mwenye wajukuu, alisimama akapiga goti kidogo na kumwamkia shikamoo. Mzee wa kinyozi naye akaweka mkasi chini, akaamkia. Anyango aliitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umefungwa. Orwa alitembea nyuma yake hatua chache, kofia mkononi, kama alivyokuwa akitembea nyuma ya mama yake alipokuwa mdogo wakienda kanisani. Walipofika nyumbani aliingia chumbani kwake akalia kwa furaha. Tangu mama yake afariki hakuna siku aliyoacha kumkumbuka.

Tereza alitoka nje kuwapokea. Alifungua mdomo kusema karibu Mama Princess, ikamtoka shikamoo, na ilivyokuwa imeshamtoka akaiacha hapo.

Nyuma ya Tereza alikuwa Princess. Anyango alichuchumaa. Mtoto alimtazama kwa makini usoni, sehemu moja moja, kisha akaja. Alikuja mwenyewe bila kusukumwa, akaketi mapajani na kuuweka mkono kwenye ule mstari wa shavuni. Alikuwa amekua mzito. Nywele zake zilinukia mafuta ya nazi aliyopakwa na mwanamke mwingine. Kwa mwaka mzima Anyango alikuwa akiota kitu hicho na si kingine.

"Shikamoo bibi," alisema Princess.

Waya zilikuwa bado mdomoni. Anyango aliinamisha kichwa, na kuinamisha kichwa ni kuitikia. Jioni ile Princess akarudisha kijigodoro chake nyumbani.

Waya zilipotolewa, neno la kwanza alilomwambia mtoto lilikuwa, "Princess, mimi ni mama yako." Lakini sauti ilipita kwenye pengo la meno, ikatoka na mluzi mdogo ambao haukuwa wake. Princess alimtazama kwa upole ambao watoto huwawekea wazee wanaoanza kuchanganya mambo.

"Mama yuko kazini, bibi," alisema.

Anyango akarudia, tena kwa ukali kidogo. Mtoto hakubishana. Alichukua kijigodoro, akaenda kulala kwa Tereza. Tereza alijaribu kumwelewesha, Orwa akajaribu, naye Princess aliwakubalia wote, ndiyo babu, ndiyo mama Tereza, kwa adabu kabisa, kama anavyokubali mtoto asiyeamini. Kesho yake Anyango hakusema tena habari hizo, na Princess akarudi. Ikawa hivyo. Akiwa bibi, mtoto alikuwa wake. Akidai kuwa mama, alimpoteza.

Habari zikavuka maji. Mzee Otuoma alikuja na kivuko kutoka Kamanga, amevaa koti la harusi, akaomba kiti. Alikuwa amemposa bibi Anyango mwaka ule wa nzige, akakataliwa, akaoa mwingine, akamzika mwingine huyo, na sasa alikuwa mgane mwenye masikio mazito. Alikunywa chai yake taratibu, kisha akauliza kwa nini alimkataa.

Anyango hakujua. Lakini mdomo ulifunguka ukajibu, "Ulikuwa unaongea unapokula, Otuoma. Nilifikiria miaka yote ile ya kuokota ugali kwenye gauni."

Otuoma alitafakari. Alisema ni kweli, hata marehemu mkewe alikuwa akimwambia. Hakuwa na kinyongo, alitaka tu kujua. Tangu siku hiyo akawa anavuka mara kwa mara kuja kunywa chai, na alikula akiwa kimya.

Ikafuata habari ya furu. Vijana wa leo huwezi kuwaeleza furu wakaelewa. Walikuwa samaki wadogo, wengine hawakuzidi kidole, wengine na mapezi mekundu, wengine wa kibuluu, wengine wa manjano, na walikuwa wengi kiasi kwamba mtoto angeweza kuwavua kwa pini iliyopindwa akiwa njiani kwenda shule. Wanawake waliwaanika kwenye majabali ya ufukweni, na harufu yao ikikauka juani ndiyo ilikuwa harufu ya mji. Ukila ugali wa udaga wa muhogo na furu wa kukausha waliopikwa kwa nyanya na karanga, hukutafuta kitu kingine. Kisha sangara akapandwa ziwani, akaanza na wao. Wakapungua, wakapotea, na mwisho hata neno lenyewe likabaki midomoni mwa wazee. Waliozaliwa baadaye wanadhani ziwa siku zote lilikuwa na samaki mmoja mkubwa wa kusafirisha.

Asubuhi moja Anyango alikwenda kufua kwenye jabali pana lililo chini ya uzio wa kiwanda. Alipoingiza miguu majini, furu wakaja. Walizunguka vifundo vyake, wekundu na wa buluu na wa manjano, wakasimama hapo kama kuku wanaongoja mtama. Aliinama akawachota kwa beseni la kufulia. Alipotoka majini wakaondoka. Alipoingia tena wakarudi.

Wanawake wa Igogo hawakuuliza mengi. Walileta mabeseni. Anyango akawa anasimama majini asubuhi, kanga ameikunja magotini, wenzake wanachota, halafu wanaanika kwenye jabali. Ilipofika alasiri ya kwanza harufu ikapanda mjini. Watu walitoka nje ya nyumba zao wakasimama tu barabarani, wanavuta pumzi. Mwalimu mmoja mstaafu alisema inanukia kama likizo. Ndugu wawili wa Kijita ambao hawakuwa wakiongea tangu mazishi ya baba yao walikutana kwa mama muuza dagaa, wakala sahani moja, na wakaondoka bado hawajapatana lakini wameshiba. Mzee Orwa alikula mpaka akalegeza mkanda. Alisema, mama yangu alikuwa akinitolea kichwa, na Anyango akamtolea kichwa.

Hata yeye Anyango, katika siku zile, alikuwa na amani kubwa. Angekuwa na amani yote kama si jioni. Jioni Princess aliosha miguu, akavaa kandambili, na kusimama mlangoni.

"Bibi, twende getini tukamsubiri mama."

Sasa yeye ndiye aliyempeleka. Walisimama ng'ambo ya barabara, mkono kwa mkono, geti likafunguliwa, vibarua wakatoka na buti zao nyeupe, na Princess akakagua uso mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Kisha alisema, "Leo hajatoka," wakarudi nyumbani. Anyango alivumilia hivyo kwa muda. Halafu likamjia wazo. Kama Princess hawezi kumsadiki yeye, wala Tereza, wala babu, atawasadiki watu wa getini. Mama yuko kazini. Basi waliokuwa naye kazini waseme.

Kiwanda hakikuwa na vitambulisho vya vibarua. Mlinzi, Msukuma mmoja aitwaye Maige, alikuwa akiwajua kwa sura. Kila asubuhi alisimama getini akiwatazama wanaoingia, na sura aliyoijua ilipita, asiyoijua ilibaki nje. Ndivyo kazi ilivyokwenda, na hakuwahi kukosea. Siku ya ajali ni Maige aliyemshika Anyango kichwa ndani ya gari la barafu mpaka nyumbani.

Jioni hiyo Anyango alivuka barabara akiwa amemshika Princess mkono. Mzee Otuoma, aliyekuwa amekuja kwa chai, alifuata nyuma kwa fimbo yake.

"Maige," alisema Anyango, "mwambie huyu mtoto mimi ni nani."

"Shikamoo mama," alisema Maige.

"Marahaba. Mwambie."

Maige alimkagua usoni. Alikuwa mtu mzuri, na ilionekana anajitahidi. "Mimi hapa kazi yangu ni sura, mama. Hii sura haijawahi kupita kwenye geti hili. Ningeikumbuka."

Vibarua walikuwa wameanza kutoka. Sabina, aliyepewa winchi baada ya ajali, alisimama, akaitazama mikono ya Anyango iliyomshika mtoto.

"Mikono ni yake," alisema Sabina. "Ona hiyo sugu ya winchi. Mimi pia ninayo." Akainua kiganja kuwaonyesha.

Ndipo meneja akatoka. Aliitwa Bwana Jonathan, kijana wa mjini, shati limepigwa pasi, adabu zake zimetimia. Aliwaamkia wazee wote kwa zamu. Sabina akakumbuka kwamba anachelewa kumpikia mume wake, akaenda zake.

"Tatizo ni nini, wazee wangu?"

"Huyu ni Anyango," alisema Mzee Otuoma kwa sauti ya watu wenye masikio mazito. "Jabali hili lake. Hapa mlipojenga pake. Amelima hapa na kuanika samaki hapa wewe hujazaliwa. Mlipouziwa hakuna aliyekuja kutuuliza, na sisi tulikuwa hai. Hata kaburi lake liko chini ya chumba chenu cha barafu."

"Mimi ni Anyango wa winchi," alisema Anyango. "Mwambie mtoto wangu hivyo tu. Sitaki kingine."

Bwana Jonathan aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Alisema hata yeye amesikia kwamba eneo lilikuwa la mama mmoja wa zamani, na kuhusu kaburi ni kweli, mafundi waliliona walipochimba msingi, wakaomba dua fupi kabla ya kumwaga zege. Alisema pia anakumbuka kulikuwa na dada aliyeumia kwenye winchi, na jambo lile lilimsikitisha sana.

"Sasa nisaidieni wazee," aliendelea. "Kama huyu ni mama mwenye eneo, basi ni marehemu, na marehemu hadai eneo. Kama ni yule dada, yule aliumia uso. Huyu jeraha lake liko wapi? Uso wake ni mzima kuliko wangu."

Kila mtu alimtazama Anyango usoni. Daktari Venant alikuwa amefanya kazi nzuri mno. Hapakuwa na mahali popote pa kunyooshea kidole.

"Lakini hatuwezi kumfukuza bibi," alisema Bwana Jonathan. "Bibi aendelee kuanika samaki wake kwenye jabali. Maige, asisumbuliwe. Nani atamzuia bibi?" Kisha akachuchumaa mbele ya Princess, akatabasamu. "Eti mrembo, huyu ni nani wako?"

Anyango alihisi kiganja kidogo kikitoa jasho ndani ya chake. Princess hakuwa akimtazama meneja wala hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama geti, ambapo vibarua wa mwisho walikuwa wakitoka, na alikuwa akizisoma nyuso zao moja moja, upesi upesi, asije akapitwa na ya mama yake.

"Bibi yangu," alijibu, bila kugeuka.

"Haya basi," alisema meneja. "Mtoto amesema."

Geti likafungwa. Princess alishusha pumzi. Alisema labda kesho, na Anyango akasema labda kesho, wakashika njia ya nyumbani na Mzee Otuoma akabaki nyuma akibishana na Maige ambaye hakuwa akimbishia.

Mwaka ukapita, na mwingine. Furu waliendelea kuja kwa miguu ya Anyango na si ya mtu mwingine, na Igogo ilizoea kuwa na furu. Maige aliwafungulia wanawake upenyo kwenye uzio ili wasizunguke. Kiwanda kiliongezwa chumba cha pili cha barafu. Sabina aliendelea na winchi, na kizuizi chake kilibadilishiwa mpira kila ulipochakaa. Daktari Venant aliwaonyesha madaktari wanafunzi picha mbili, ya kabla na ya baada, nao walikubali kwamba hawaoni tofauti.

Getini walikwenda kila jioni. Walipokuwa wakisubiri Anyango alizoea kumwuliza mtoto habari za mama yake, kwa sababu hapakuwa na picha, na yeye mwenyewe alipojaribu kuikumbuka sura yake ya zamani alikuwa akiona ile ya kwenye kioo. Mwanzoni Princess alieleza mengi. Mama alikuwa na kidoti hapa, chini ya jicho. Akicheka pua ilikuwa ikikunjamana. Nyusi moja ilikuwa imekatika katikati, alianguka akiwa mdogo. Anyango alisikiliza kwa hamu kuu, akawa anaomba arudie. Baadaye kidoti kikahama, mara jicho la kulia, mara la kushoto. Baadaye Princess alisema tu kwamba mama alikuwa mrefu na alinukia samaki. Anyango alimpenda sana mwanamke yule wa nyusi iliyokatika, na alisikitika kwamba hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Princess akaanza shule. Jioni moja ya masika aliosha miguu kama kawaida, lakini badala ya kuvaa kandambili alikaa mkekani, akafungua daftari na kuanza kuchora herufi. Anyango alisubiri. Aliondoa sufuria jikoni, akafunika ugali, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nje vibarua walikuwa tayari wakipita na buti zao.

"Leo hatuendi?" aliuliza.

Princess aliinua kichwa. "Wapi, bibi?"

Anyango akasema hakuna mahali, aendelee kuandika. Akaenda kumpakulia furu.